Mgonjwa wa Akili Naye Ana Moyo: Mwongozo Kamili kwa Anayemuuguza Ndugu Nyumbani

Daftari la kliniki la mdogo wangu lina kurasa za miaka tisa. Siku moja niliketi nikalipitia lote nikitafuta kitu kimoja tu: presha yake. Sikuiona. Kila mwezi yameandikwa maneno yale yale, "anaendelea vizuri, arudie dawa." Na kweli kichwani alikuwa anaendelea vizuri. Hasikii tena sauti, usiku analala, anamsaidia mama kuchota maji. Lakini mashati yote yalikuwa yamembana, na akipanda kile kilima cha kutoka sokoni alikuwa anasimama mara tatu kutafuta pumzi. Presha yake tuliijua kwa bahati, alipokwenda zahanati kufungwa kidonda cha kidole cha mguu: 172 kwa 108. Kidonda chenyewe kilikuwa kimegoma kupona kwa sababu ya sukari ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Mimi si daktari. Ni dada mtu ninayebeba daftari hilo, na haya ni mambo niliyojifunza kwa kuuliza, kusoma na kukosea. Nimeyapanga kwa hatua ili nawe unayemuuguza ndugu mwenye skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au sonona (huzuni nzito isiyokatika) usisubiri kidonda ndipo ujue.

Kwanza, kwa nini moyo?

Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Wengi wakisikia hivyo hudhani sababu ni kujiua au ajali. Hayo yapo na yanaumiza, lakini sehemu kubwa ya vifo hivyo huletwa na magonjwa ya mwili, na ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza. Mwaka 2018 shirika hilo lilitoa mwongozo maalumu kuhusu kutunza miili ya watu wenye magonjwa makali ya akili, kwa sababu ilikuwa imeonekana wazi kwamba wanatibiwa kichwa na mwili unasahauliwa.

Njia zinazofika moyoni ni nyingi, nazo hukutana. Mtu anayeishi na hofu au huzuni isiyokatika, mwili wake humwaga homoni za msongo, adrenalini na kotisoli, kana kwamba kila siku anakimbizwa. Mapigo huenda mbio, presha hupanda, sukari huongezeka, na chembe za kugandisha damu hunata upesi. Juu ya hapo kuna sigara, usingizi uliovurugika, kukaa ndani kutwa na kula kinachopatikana. Kisha kuna dawa, ambazo baadhi huongeza njaa na uzito kwa kasi ya kutisha. Mwisho kuna sisi wenyewe, ndugu na wahudumu: mgonjwa wa akili akisema "kifua kinanibana", tunasikia ugonjwa wake wa kichwa ukiongea.

Kiswahili kinatumia neno moja, moyo, kwa kile kiungo kinachosukuma damu na kwa pale panapokaa huzuni. Wajapani walieleza mwaka 1990 hali ambayo moyo wa mtu aliyepatwa na mshtuko mkubwa, kama kufiwa, hudhoofika ghafla na kuvimba upande mmoja hadi picha yake ikafanana na chungu wanachotumia kunasia pweza. Wakauita kwa jina la chungu hicho, takotsubo. Huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee. Kwa hiyo bibi akisema "tangu msiba ule moyo wangu si mzima", mpeleke apimwe.

Hatua ya 1: Pata namba za mwanzo

Kama daktari anataka kuanzisha dawa mpya ya akili, namba hizi zichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kama tayari ana miaka anatumia, zichukuliwe wiki hii. Zinazohitajika ni uzito, mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na mafuta kwenye damu kama hospitali yenu ina kipimo hicho. Mwenye historia ya moyo, aliyewahi kuzimia bila sababu, au ambaye kwenye ukoo wao kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana, aombewe pia kipimo cha umeme wa moyo (ECG).

Kiuno unaweza kukipima bila futi. Chukua kamba ya katani au ukanda wa kanga kuukuu, mpime mgonjwa wima kutoka kisigino hadi utosini, ukate hapo. Ikunje kamba katikati iwe nusu, kisha mzungushie kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, akiwa ametoa pumzi bila kubana tumbo. Ikikutana, kiuno chake hakizidi nusu ya urefu wake, na hilo ni jema. Isipokutana, mafuta ya tumboni yameshazidi, hata kama mizani haionyeshi jambo kubwa. Mdogo wangu aliipenda kamba hii kuliko mizani. Ameitundika msumarini, na kila mwisho wa mwezi anajipima mwenyewe.

Presha ina adabu zake. Aketi dakika 5 akiwa ameegemea kiti, miguu imekanyaga chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, ameshakwenda haja ndogo, hajavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita, na asizungumze wakati wa kupimwa. Pima mara mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya kutibiwa. Presha ya mtu anayeogopa hospitali huweza kusoma juu akiwa pale tu, ndiyo maana kipimo cha nyumbani au cha mhudumu wa afya wa mtaani kina faida.

Sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 kwenye mashine inayosoma mmol/L ni kisukari, ingawa kipimo hurudiwa kuhakikisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo.

Ziandike namba zote ukurasa wa mwisho wa daftari, na tarehe. Ukurasa wa mwisho ni rahisi kuufungua mbele ya daktari aliye na foleni ya watu hamsini nje.

Hatua ya 2: Rudia kwa ratiba, si kwa kukumbuka

Baada ya kuanza dawa mpya, uzito upimwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Presha na sukari zirudiwe wiki ya 12, halafu angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kama tayari ziko juu.

Wiki hizo za mwanzo ndizo zinazonisumbua zaidi nikikumbuka, maana ndizo tulizozipoteza. Uzito wa dawa huingia mapema. Mtu wa kilo 60 akiongezeka kilo 3 ndani ya mwezi wa kwanza, hiyo ni asilimia 5, na ni sababu tosha ya kurudi kwa daktari. Sisi tulifurahi tukasema "sasa ananawiri". Huku kwetu mtu aliyekonda kwa ugonjwa akinenepa, jirani anakupongeza. Mpongeze kwa kupona, lakini mpime.

Hatua ya 3: Zijue dawa zake, na zinazogombana

Hapa kaa na uzisome pakiti moja moja. Andika kila anachomeza: dawa za akili, za presha, za maumivu, za mitishamba. Kisha uangalie haya.

Miongoni mwa dawa za skizofrenia, olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kuongeza uzito, sukari na mafuta kwenye damu. Risperidoni iko katikati. Sodiamu valproati, inayotumika kwa baipola na kifafa, nayo huongeza uzito. Kama namba zinapanda, muulize daktari mambo mawili: je, kuna dawa mbadala inayomfaa, na je, metformini inaweza kumsaidia? Metformini ni dawa ya kisukari, ila madaktari huitumia pia kupunguza uzito ulioletwa na dawa za akili.

Klozapini inahitaji jicho la ziada wiki za mwanzo. Kwa wachache, huleta uvimbe wa misuli ya moyo, hasa katika miezi miwili ya kwanza. Akipata homa, moyo kwenda mbio akiwa ametulia, kifua kuuma au kuishiwa pumzi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na utaje jina la dawa.

Haloperidoli na klorpromazini, dawa za zamani ambazo ndizo zipo katika vituo vyetu vingi, huweza kuvuruga umeme wa moyo, hasa kwa dozi kubwa au zikichanganywa na dawa nyingine zenye tabia hiyo. Miongoni mwa hizo ni antibiotiki kama eritromaisini na dawa ya malaria ya kwinini. Kwa hiyo akiugua malaria, usimtume mtoto duka la dawa. Nenda mwenyewe na orodha. Kuzimia ghafla kwa mtu anayetumia dawa hizi kusichukuliwe kuwa ni "uchovu" wala mashetani. Apimwe umeme wa moyo.

Amitriptilini hutolewa sana, kwa sonona, kukosa usingizi, hata maumivu ya miguu. Haimfai mtu aliyetoka kupata shambulio la moyo. Na vidonge vyake ukivizidisha ni sumu kali kwa moyo, hivyo kwenye nyumba yenye mtu anayewaza kujidhuru pakiti isikae kabatini wazi. Kwa mgonjwa wa moyo mwenye sonona kuna dawa salama zaidi. Sertralini ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, matokeo yakatoka 2002, ikaonekana haikuudhuru moyo.

Sasa lithiamu, dawa ya baipola. Naomba uisome aya hii mara mbili kama ndugu yako anaitumia. Dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana sana, na baadhi ya dawa za kila siku huipandisha kwenye damu bila mtu kujua: diklofenaki na ibuprofeni tunazonunua kama karanga, dawa za presha za kukojoza kama hidroklorothiazidi, na nyingine kama enalaprili na losartani. Kuacha chumvi ghafla na kuharisha navyo huipandisha. Hii ina maana kwamba daktari wa presha anaweza kuandika dawa nzuri kabisa ya moyo ambayo, ikikutana na lithiamu, inampeleka mgonjwa kitandani. Dalili za kuzidi ni mikono kutetemeka kuliko kawaida, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi, ulimi mzito, kuchanganyikiwa. Hapo usingoje asubuhi. Kwa homa au kichwa, parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza.

Karbamazepini, dawa ya kifafa na baipola, hufanya kinyume. Huifanya ini imeng'enye upesi dawa nyingine, zikiwemo amlodipini na nifedipini za presha na simvastatini ya mafuta, kiasi kwamba mgonjwa anameza kila siku na presha haishuki. Kabla daktari hajamwambia "hunywi dawa wewe", mwonyeshe kwamba anatumia karbamazepini.

Fluoksetini, dawa ya sonona, ikiwa pamoja na aspirini huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Choo cheusi kama lami kiripotiwe.

Jambo la mwisho kuhusu dawa: nyingi za akili hushusha presha mtu anaposimama. Ukiongeza na dawa za presha, anaanguka alfajiri akienda chooni. Mfundishe akae ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi sitini, ndipo asimame.

Hatua ya 4: Usimkatishie dawa

Najua utakachowaza baada ya kusoma hapo juu, maana nami niliwaza. Nikaificha olanzapini ya mdogo wangu kwa siku kumi na nane. Sauti zikarudi, akatoroka, tukamkuta stendi ya mabasi hana viatu. Nilijuta kuliko nilivyowahi kujuta.

Utafiti wa Finland uliochapishwa 2009, uliowafuatilia watu wenye skizofrenia kwa miaka 11, ulionyesha kwamba waliotumia dawa kwa muda mrefu walifariki kwa uchache kuliko wasiotumia kabisa. Ugonjwa usiotibiwa nao unaua moyo: mtu halali, hali, havai, hafiki kliniki. Dawa ikileta shida, inabadilishwa au kupunguzwa na aliyeiandika, polepole. Kazi yako ni kumpelekea namba zinazomlazimu akae afikiri.

Hatua ya 5: Kinywaji kabla ya chakula

Watu huanza na ugali. Mimi nasema anza na chupa ya soda. Dawa nyingi za akili hukausha mdomo, na mtu mwenye kiu na hela kidogo atanunua kitu baridi chenye sukari. Soda moja ya mililita 350 ina vijiko vya chai zaidi ya vinane vya sukari. Mdogo wangu alikuwa anakunywa nne kwa siku. Hatukumkataza, tulimwekea mtungi wa maji yenye vipande vya ndimu, ukawa wake peke yake, na soda ikabaki ya Jumapili. Chai pia tulipunguza sukari kijiko kimoja kila wiki mbili ili asione amenyang'anywa.

Njaa ya dawa si ulafi, na ukimwita mlafi utamvunja moyo bure. Ni dawa inaondoa ile hisia ya kushiba. Kinachosaidia ni vyakula vinavyojaza: maharage, kunde, choroko, ugali wa dona badala ya sembe, na mboga nusu ya sahani, iwe mchicha, matembele au kisamvu kisichoogelea kwenye nazi. Chakula kipakuliwe jikoni, sufuria isije mezani. Chipsi na maandazi visiwe chakula cha kila siku. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile ya dagaa wa kukaanga na viungo vya pakiti. Kwa anayetumia lithiamu, chumvi isipunguzwe bila daktari kujua.

Hatua ya 6: Miguu

Lengo ni dakika 150 za mwendo kwa wiki, lakini usianze na namba hiyo kwa mtu ambaye kutoka kitandani tu ni vita. Tulianza na kwenda hadi duka la pili badala ya la kwanza. Ukienda naye ataenda, ukimtuma hataenda. Jioni baada ya alasiri, bila simu, bila mahubiri. Mwendo huo huo hushusha presha, husaidia sukari, na kwa sonona una nguvu ya kweli.

Hatua ya 7: Sigara, ugoro, mirungi

Kuna imani kwamba mgonjwa wa akili akinyimwa sigara atavurugika, hata wahudumu huwapa ili watulie. Lakini tafiti zinaonyesha walioacha hupungukiwa na wasiwasi na huzuni baada ya wiki za mwanzo kupita. Kuna jambo moja tu la kuangalia, na ni kubwa: moshi wa tumbaku huharakisha kutolewa kwa klozapini na olanzapini mwilini. Akiacha ghafla, dawa hizo hupanda kwenye damu, atasinzia na kulegea. Mwambie daktari kabla ya siku ya kuacha ili apange dozi. Akirudia kuvuta, mwambie tena.

Mirungi hupandisha presha na mapigo, huua usingizi, na huweza kurudisha sauti. Kwa mtu huyu hakuna kiasi salama.

Hatua ya 8: Ziunganishe kliniki mbili

Kliniki ya akili iko siku yake, ya presha na kisukari siku yake, na mara nyingi kila moja ina faili lake. Usitegemee watazungumza. Daftari liwe moja, na orodha ya dawa ibandikwe jalada la ndani. Ukiingia chumba cha daktari sema kwanza, kwa heshima na kwa ufupi: "Daktari, anatumia lithiamu, na kliniki ya presha wamempa hii. Zinapatana?" Swali la aina hiyo linajibiwa hata na mtu mwenye haraka. Lile la "hali yake unaionaje?" linajibiwa "nzuri".

Muulize mgonjwa mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani angependa lisemwe nini. Ni mwili wake. Mdogo wangu ndiye aliyenikumbusha kumwambia daktari kwamba usiku anaamka kukojoa mara nne, jambo ambalo mimi sikuliona.

Hatua ya 9: Dalili zisizongoja

Kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu kwenda mkono, shingo au taya, jasho jingi la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi. Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, maneno kukokota. Hospitali, sasa.

Shida ni kwamba shambulio la hofu nalo hubana kifua na kukimbiza moyo, na mtu mwenye wasiwasi anaweza kuwa ameshalipata mara kumi. Usijaribu kutofautisha nyumbani. Ikiwa maumivu ni mapya, yamekuja wakati wa kutembea au kufanya kazi, au yamezidi dakika chache, yachukulie kuwa ni ya moyo mpaka kipimo kikatae. Na baadhi ya wenye skizofrenia huhisi au hueleza maumivu kidogo kuliko sisi. Mtu aliyekaa kimya ghafla, anatoka jasho, hataki kula, naye apimwe. Mkifika mapokezi, taja kifua kwanza. Ugonjwa wa akili utaje baadaye, pamoja na orodha ya dawa.

Na kama mgonjwa wako ni wa moyo?

Njia hii hupitika pande zote mbili. Huko Montreal, Kanada, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 222 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba wenye sonona walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi 6 zaidi ya mara 4 ya wasio nayo. Mwaka 2014 Chama cha Moyo cha Marekani kikapendekeza sonona itambuliwe rasmi kuwa hatari kwa wagonjwa hao. Mtu mwenye sonona huacha vidonge na mazoezi, hukosa kliniki, na zile homoni za msongo zinaendelea kazi yake.

Kwa hiyo baba aliyerudi kutoka matibabu ya moyo, akiwa mkimya, anasema "niacheni tu", muulize mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita. Je, amekuwa akikosa hamu au furaha katika mambo aliyoyapenda? Je, amekuwa akijisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kama jibu la moja ni "siku nyingi" au "karibu kila siku", liandike daftarini, na kliniki ijayo ya moyo mwambie daktari kabla hajaanza kuandika dawa. Kama amesema kwamba ni heri afe, msimwache peke yake, vidonge vyote viwekwe mbali naye, na mwende hospitali leo.